Uji Hauhesabiki

Siku ya tisa baada ya kujifungua niliomba maji ya kunywa, nikaletewa uji.

Nasema maji. Yale yasiyo na rangi, yanayotoka kwenye friji, bilauri ikatoka jasho kwa nje. Nilikuwa nayaota mchana kweupe. Nimekaa kitandani nyumbani kwa mama mkwe wangu, ghorofa ya pili, Mji Mkongwe, feni inazunguka kama mtu anayelazimishwa kazi, tumbo limefungwa kanga hata kupumua napumua nusu nusu. Pembeni yangu mtoto wangu wa kwanza, msichana, kalala na ngumi zake mbili juu. Mlango ukafunguka, mama mkwe akaingia na sinia. Juu ya sinia bakuli la uji wa pilipili manga unafuka moshi.

“Mama, nimeomba maji.”

“Na hayo n'nini?” Akaliweka bakuli mapajani pangu. “Huo uji umepikwa kwa mchanga?”

Kwetu mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hula vya moto, hunywa vya moto. Maji baridi kayapiga marufuku nani, sijui, lakini marufuku inafuatwa kuliko sheria za barabarani. Ati yakiingia tumboni tumbo halirudi, na maziwa yanapoa ndani ya kifua, mtoto akinyonya anasokotwa. Mama yangu mwenyewe yuko Pemba na goti bovu, hakuweza kuja, kwa hiyo arobaini yangu ikamwangukia mama wa mume wangu. Mwanamke hodari, sikatai. Amezaa sita na kuwalea wote sita, na kila hoja yangu alikuwa akiizika chini ya hao sita.

Mimi nimesoma mpaka fomu four. Biolojia nilifaulu. Nikamweleza kuhusu figo, damu, na jasho linalotoka mwilini katika joto lile. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza:

“Hizo figo zako zimezaa wangapi?”

Ningecheka lau ingekuwa ni kiu tu. Siku mbili nyuma, siku ya saba, tulikuwa tumempeleka mtoto kliniki. Mzani ukaonyesha amepungua tangu alipozaliwa. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye sote tulimwita dokta, alisema watoto hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini huyu anataka kumwona tena baada ya wiki moja. “Mnyonyeshe mara kwa mara,” akaniambia, “na wewe mwenyewe unywe sana.” Akaandika kwenye kadi, tukatoka.

Njiani mama mkwe akaingia duka la dawa, akatoka na kopo la maziwa ya unga ya watoto. Tulipofika nyumbani akaliweka juu ya kabati, likitazamana na kitanda changu. Lilikuwa na picha ya mtoto mnene, mashavu kama andazi, anacheka.

“Wiki ijayo kama hajaongezeka, nnalifungua,” akasema. Hakuwa akitishia. Alikuwa akiahidi, kama mtu anayekuahidi zawadi.

Niseme wazi: sina neno na mama anayempa mwanawe maziwa ya kopo. Ugomvi wangu ulikuwa na lile kopo, pale juu, na yule mtoto anayenicheka. Nilikuwa nakogeshwa, nafungwa tumbo, nalishwa, mpaka nywele nasukwa bila kuulizwa mtindo. Kunyonyesha ndiyo kazi pekee katika nyumba ile ambayo hakuna aliyeweza kunifanyia. Nikasema hii siitoi.

Basi nikaanza kuhesabu. Nyuma ya mlango palikuwa na kalenda. Nikachukua kalamu, kila nikipata maji napiga mstari. Siku ya kwanza nilipata mistari miwili, na mmoja ulikuwa wa funda nililomezea vidonge. Mama mkwe akaiona ile mistari.

“Unafungwa jela?”

“Nnahesabu maji niliyokunywa. Dokta kasema ninywe sana.”

Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaanza kupiga mistari yake, huku akitaja kwa sauti kama anayesoma majina ya walioalikwa harusini. “Uji wa asubuhi. Chai ya tangawizi, vikombe viwili. Supu ya kuku. Mchuzi wa pweza, uliusaza lakini ulikunywa. Chai ya alasiri. Papai…”

Kwenye papai nikamnyang'anya kalamu.

“Papai linatafunwa, mama!”

“Likitafunwa linatoka nini? Vumbi?”

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nikamshtakia. Yeye ni mtembeza wageni kule msitu wa Jozani, anawaonyesha kima punju wenye mikia mirefu, na kila siku anatoka na begi zima la chupa za maji. Akikaa tu anaanza hadithi za Mzungu aliyezunguka na kofia ya sufu nusura azimie.

“Wageni wako unawaambia nini kuhusu maji?” nikamuuliza.

“Wanywe kabla hawajaona kiu. Nnawasimamia mwenyewe, nusu saa haipiti.”

“Na mimi?”

Akatazama mlango, akatazama dari, akatazama kopo juu ya kabati. “Wewe,” akasema polepole, “una mama.”

Nikamwambia na yeye anaye, aende akalale kwake. Akaenda kweli. Kima ana mume mwenye msimamo kuliko wangu.

Nikakumbuka kikapu. Nyumba zetu za mjini zina ngazi za kukatisha tamaa, kwa hiyo watu wa juu huteremsha kikapu kwa kamba dirishani, wakanunua mkate bila kushuka. Chini yetu kabisa, mlango wa mtaani, kuna duka la Mhindi mmoja mtu mzima, ambaye baba yake na babu yake waliuzia kwenye mlango huo huo. Nikangoja mama mkwe ateremke jikoni, nikatia pesa na karatasi ndani ya kikapu: “Maji chupa kubwa, baridi sana.” Nikateremsha.

Akaisoma, akainua uso juu.

“Dada, si umezaa juzi?”

“Nimezaa, sijafa! Nitilie maji!”

Kikapu kikaja kizito. Ndani yake, chupa ya soda ya tangawizi, ya vuguvugu, haijaona friji tangu izaliwe, na kifuko cha mbegu za shamari.

“Maji baridi mzazi hanywi!” akapaza sauti kutoka chini. “Mke wangu anasema tafuna hizo mbegu, maziwa yatatoka mengi!”

Mtaa mzima, mpaka kwa muuza kahawa wa pembeni, ukapata habari za maziwa yangu. Mtu mmoja akaitikia “Inshallah.”

Kesho yake nikamwandikia barua ya hasira, ya mistari minne, kuhusu haki ya mteja. Akatikisa kichwa lakini akatia maji. Niliiona chupa kwa macho yangu ikiingia kikapuni, ina ukungu wa baridi. Nikavuta. Kikapu kikapanda, kikafika ghorofa ya kwanza, usawa wa dirisha la jikoni, kikasimama. Nikavuta, hakiji. Nikachungulia. Mkono mnene wenye bangili tatu ulikuwa umetoka dirishani umekikamata. Chupa ikaingia ndani. Mkono ukarudi, ukatia kitu, ukakigonga kikapu mara mbili kama utingo anayemruhusu dereva kuondoka.

Nikavuta. Ilikuwa chupa ya chai.

Hapo ndipo nilipokasirika kikwelikweli, na nikiwa na hasira sifikiri, nafanya. Nikajiapia: kama maji hawanipi, basi na uji wao siunywi. Uji hauhesabiki. Uji ni chakula kilicholowa. Nje ya dirisha langu, kwenye ubao, palikuwa na ndoo kuukuu ya rangi iliyopandwa mrehani, mrehani mpendwa wa mama mkwe, anaochuma kutengenezea vikuba, vile vishada vya maua yenye harufu vya kuvaa kwenye harusi za watu. Akitoka tu chumbani, nakunywa mafunda mawili ya kupoza dhamira, bakuli lililobaki naligeuzia mrehani. Chai vivyo hivyo. Supu niliibakisha kidogo, kwa sababu hasira zangu zina mipaka na kuku wa kienyeji ni mtamu.

Siku tatu. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikisimama, chumba kinasimama baadaye. Mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa, ile kavu isiyotiwa maziwa. Mtoto akawa ananyonya kidogo, analia, ananyonya, analala, anaamka analia. Nikamtazama yule mnene wa kwenye kopo, naye akanitazama. Nikasema si unaona, ni kwa sababu wananinyima maji.

Siku ya nne mama mkwe aliingia kubadilisha shuka akasimama ghafla katikati ya chumba. Sisimizi. Mstari mwembamba, umenyooka vizuri, unapanda mguu wa kitanda kuelekea chandarua cha mtoto. Akainama, akaufuata kwa kidole, kinyumenyume: kitanda, sakafu, ukuta, dirisha, ubao, ndoo ya rangi. Akaingiza kidole kwenye udongo. Ulikuwa umekuwa kama ugali. Akanusa.

“Mrehani wangu unanuka pilipili manga.”

“Labda mbegu yake ya Kizimbani,” nikasema. “Kule shambani viungo vyote viko pamoja.”

Hakucheka. Nilingoja maneno, nilikuwa nimeshayaandalia majibu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kidole chake kina uji wa juzi.

“Naamka alfajiri,” akasema. “Natwanga pilipili kwa mkono, kwa sababu ya kusaga haina nguvu. Kumbe nnalisha mti.” Akajifutia kidole kwenye kanga. “Sasa wewe umekunywa nini siku zote hizi?”

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, kwa uaminifu: mafunda mawili asubuhi, mafunda mawili jioni, supu kidogo, ile soda ya vuguvugu. Nikatazama kalenda. Mara ya kwanza tangu niolewe tulikaa chumba kimoja bila kujibizana, tukamtazama mtoto, na najua sote wawili tuliogopa kitu kile kile.

Siku ya miadi tulikwenda kliniki hatusemezani. Muuguzi akamweka mtoto kwenye mzani, akangoja mkono utulie. Gramu chache tu kapata, bado hajafika uzito wake wa kuzaliwa. Nikahisi kopo linanikenulia kutoka juu ya kabati.

“Mama unakunywa nini?” akaniuliza.

“Hanywi uji,” akajibu mama mkwe.

“Sipewi maji,” nikajibu mimi, wakati huo huo.

Muuguzi akaweka kalamu chini. Tukamwaga yote, kwa zamu na bila zamu: kalenda, kikapu, bangili, mrehani. Mama mmoja kwenye benchi aliacha kumvalisha mwanawe ili asikie vizuri.

“Ngojeni,” akasema muuguzi. “Kimoja kimoja.”

“Uji,” akasema mama mkwe haraka, asiwahiwe.

“Uji mwepesi umepikwa kwa maji. Unahesabika.”

“Chai?” nikauliza.

“Inahesabika.”

“Supu.”

“Nayo, ila chumvi isizidi. Na maziwa, na dafu. Soda ni maji yenye sukari nyingi, siyo ya kutegemea.”

“Kahawa?” Hili lilikuwa la mama mkwe mwenyewe, anayekunywa vikombe vitano na kusema hajanywa kitu.

“Hata kahawa, lakini anayenyonyesha asizidishe.”

“Na papai?” akauliza mama mkwe. Muuguzi hakumtazama. Alinitazama mimi.

“Papai lina maji mengi. Matunda yanasaidia.”

Mengine yote ningeyavumilia. Lile papai liliniuma.

“Na maji baridi?” nikauliza, sauti imeanza kupanda. “Maji, dokta. Maji yenyewe.”

“Ni maji. Yawe safi tu. Hakuna kinachohesabika kuliko hayo.”

“Hayapozi maziwa?” akauliza mama mkwe.

“Mama yangu, maziwa yamo mwilini. Hayamo kwenye sufuria.”

Nikavimba kidogo. Mama mkwe akaongeza, taratibu, “Na uji unaomwagwa dirishani, dokta, huo unahesabika?” Nikanywea tena.

Muuguzi akaniambia ninywe kila nikiona kiu na niweke kinywaji karibu ninaponyonyesha, na mkojo ukiwa na rangi nzito nijue nimechelewa. Akasema kichwa changu kinagonga kwa sababu mwili wangu umekauka, na aliyeukausha ni mimi mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia.

“Lakini haya mnayobishania ni ya mama. Kwa mtoto nataka kuona kitu kingine. Hebu mnyonyeshe hapa.”

Nikakaa, nikampa ziwa. Akashika vizuri. Mama mkwe akasema, “Mnyanyue kichwa.” Nikageuka: “Nimemnyanyua.” Chuchu ikamtoka. Nikamrudisha. “Usimzibe pua.” Nikageuka: “Hajazibwa.” Ikamtoka. Nikamrudisha. “Mimi sita wote…” Nikageuka mwili mzima. Mtoto akabaki kinywa wazi, anatafuta hewani kama kipofu anayetafuta kitasa.

Muuguzi alikuwa amekunja mikono.

“Nyumbani mnazungumza hivi hivi?”

“Hatuzungumzi,” akasema mama mkwe. “Tunajibizana.”

“Kila akinyonya?”

Yule mama wa benchini akatujibia: “Wallahi kila akinyonya.”

“Basi huyu hajakosa uji wala maji,” akasema muuguzi. “Anapata mafunda mawili, mama anageuka kujibu, anaachishwa. Anachoka kutafuta, analala, nyinyi mnadhani kashiba.” Akanionyesha upya: kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, mwili wake uelekee wangu. “Na wewe usigeuke. Akisemwa mama yako, baba yako, ukoo wako wote, usigeuke. Mpaka aachie mwenyewe.” Kopo akasema libaki limefungwa kwanza, turudi baada ya siku nne, na asipoongezeka atatuambia la kufanya.

Siku nne hizo ndizo ngumu kuliko uchungu wa uzazi, na uchungu ule ulinichukua usiku na mchana. Mama mkwe alikuwa muungwana katika vinywaji: sinia likawa linakuja na uji na bilauri ya maji, ya mtungini, si ya friji, tukakutana katikati. Nilikunywa vyote. Hata shamari nilitafuna. Lakini aligundua jambo. Aligundua kwamba mtoto akiwa kifuani mimi siwezi kujibu. Basi maneno yake yote, ya tangu harusi, akawa anayaweka akiba mpaka saa ya kunyonyesha.

Akivuta kigoda. “Ile pilau yako ya Idi,” anaanza, “niliimeza kwa ajili ya mwanangu.” Mimi kimya, namtazama mtoto. “Na kanzu unazikunja kama unafunga samaki.” Kimya. Meno yananiuma kwa kuyabana. “Nyinyi watu wa Pemba…” Hapo jasho lilinitoka, na jasho nalo ni maji, lingehesabiwa kwa upande wa hasara. Lakini sikugeuka. Mtoto ananyonya, namsikia anavyomeza, kluk, kluk, na kwa kuwa bibi yake alikuwa na mengi ya kusema, alinyonya muda mrefu kuliko alivyowahi.

Tuliporudi kliniki muuguzi alimweka kwenye mzani, mama mkwe akanishika mkono bila kujua kwamba kanishika. Mkono wa mzani ukapita alama ya uzito wa kuzaliwa, ukaendelea kidogo, ukasimama. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, juu ya zile nyingine.

“Uji,” akasema mama mkwe.

“Maji,” nikasema mimi.

Nyumbani alipanda kwenye kiti akalishusha kopo, akalifungua. Nilipiga ukelele. Akanitazama kama mwendawazimu, akachota vijiko viwili, akatia kwenye chai yake. “Nshanunua. Nilitupe?” Akakoroga, akanywa, akasema haina ladha.

Nilikuwa nimemweka mtoto kifuani. Bilauri yangu ilikuwa juu ya meza, safari hii ya friji, inatoka jasho, na alikuwa ameileta yeye mwenyewe. Akaitazama muda mrefu.

“Nilipomzaa mumeo,” akasema, “mama mkwe wangu alikuwa mkali, mimi kwake si kitu. Hata mtungi wa maji aliufungia chumbani. Nikikogeshwa maji ya moto ya majani ya mwarobaini, nafumba macho, nakinga mdomo, napiga funda.”

Ya kuogea! Ya mwarobaini! Nilitamani kugeuka nimwone uso.

“Machungu, usiulize. Lakini maji.” Akanywa chai yake isiyo na ladha. “Wewe ulikuwa na mdomo wa kuomba, ndiyo maana nikakunyima. Mimi niliona wivu, basi.” Kisha, kwa sababu hawezi kuacha jambo lipoe likiwa zuri, akaongeza: “Ila ungekunywa uji wangu tangu mwanzo, haya yote yasingekuwepo. Na papai, umemsikia dokta mwenyewe.”

Sikugeuka. Nikangoja. Mtoto akanyonya, akapunguza, akapumzika, akanyonya tena, akaachia mwenyewe, kinywa wazi, amelewa. Nikamfuta kidevu, nikafunga kifungo, nikanywa bilauri yote ya baridi kwa pumzi moja mbele ya macho yake.

“Haya mama,” nikasema. “Tuanze na papai.”